Umri wa Juliet

Juliet ana miaka mingapi? Wengi tunaoijua hadithi yake hatujawahi kuuliza. Tunazijua koo mbili za Verona zilizochukiana, tunaijua ndoa ya siri, tunajua habari ya sumu na jambia. Umri tunauruka. Ila katika tamthilia ya Shakespeare yaya wake anautaja mapema kabisa: zimebaki wiki mbili na siku kadhaa binti atimize miaka 14. Ana miaka 13, na posa imeshafika kwa baba yake.

Shakespeare hakuizua hadithi hiyo. Aliipokea. Luigi da Porto aliiandika Italia karibu na mwaka 1530, Matteo Bandello akaisimulia upya mwaka 1554, na mwaka 1562 Mwingereza Arthur Brooke akaifanya utenzi mrefu. Kwa Waitaliano wale msichana alikuwa anakaribia miaka 18. Brooke akampa 16 isiyotimia. Shakespeare, katika miaka ya 1590, akamshusha hadi 13. Mji ni ule ule, wapenzi ni wale wale, na kaburi ni lile lile. Lakini binti wa miaka 18 anayemchagua mwanamume bila idhini ya wazazi ni mtu mzima aliyeamua jambo lake, hata kama ameamua vibaya. Wa miaka 13 ni mtoto aliyezungukwa na wakubwa wenye haraka: baba anayetaka kuoza, mama anayeitikia, yaya anayebeba ujumbe, kasisi anayefungisha ndoa kimyakimya. Namba moja imesogezwa, na lawama yote imehama kutoka kwa wapenzi kwenda kwa waliowalea.

Nimeanzia Verona kwa sababu nataka kufika Mpanda, mkoani Katavi.

Hadithi za mapenzi hazikuanza kusomwa Mpanda na ujio wa simu. Reli ya kutoka Kaliua, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi, iliendelea kuleta watu na mizigo baada ya mgodi kufifia, na ndani ya mizigo hiyo mlikuwamo karatasi: vitabu vidogo vya akina Hammie Rajab, Kajubi Mukajanga na Ben Mtobwa, halafu magazeti yenye hadithi za Eric Shigongo zilizokatwa palipo na utamu. Kitabu kimoja kilipita mikono mingi hadi kikapoteza jalada. Siku hizi simulizi inasomwa kwenye simu. Mtunzi anatoa sehemu tatu au nne bure katika kundi la WhatsApp, kisha anayetaka kujua kama Jackline atamrudia mumewe anatuma pesa kwa simu na kufunguliwa zilizobaki. Msichana wa kidato cha pili pale Kashaulili au Makanyagio anaweza kusoma sehemu ya 27 akiwa amelala kitanda kimoja na wadogo zake, mwanga wa simu ukiwa chini ya shuka.

Wazazi na walimu wengi wanaziogopa simulizi hizi, na sitawacheka kwa hofu yao. Mkoa wa Katavi una sababu ya kuogopa. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Hakuna mkoa uliokuwa juu zaidi. Wastani wa nchi ulikuwa asilimia 27. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta Katavi imeshuka hadi 34, na nchi nzima 22. Kushuka huko ni kwa kweli, lakini bado ni msichana mmoja katika kila watatu. Mtu akiziona namba hizo, kisha akamkuta binti yake anasoma hadithi ya mapenzi usiku wa manane, ni rahisi kuunganisha mambo mawili na kumnyang'anya simu.

Nadhani anaunganisha visivyo. Mimba nyingi za utotoni zinapatikana mahali ambapo hakuna kitabu hata kimoja: njiani kwenda shule iliyo mbali, katika chumba cha kupanga anachoishi mwanafunzi peke yake, katika nyumba iliyokwishapokea mahari. Hadithi haizai hali hizo. Inachoweza kufanya ni kumfundisha msomaji namna ya kuzitazama, na ndiyo maana naona swali la kumwuliza binti si kama anasoma mapenzi. Aulizwe: huyu msichana wa kwenye hadithi ana miaka mingapi, na nani ameamua?

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa *Rosa Mistika*. Rosa wa Ukerewe anapigwa vibaya na baba yake, Zakaria, kwa kosa la kuandikiwa barua na mvulana. Barua tu. Baba anadhani ameuzima moto, kumbe ametengeneza binti ambaye, akishatoka chini ya mkono wake, hana kipimo chochote cha ndani cha kujiongozea. Mwishowe Rosa anajiua. Kitabu kilizuiwa shuleni kwa kuonekana kichafu, na miaka baadaye kikarudi kama kitabu cha kiada. Waliokizuia walisoma vitendo vya Rosa. Hawakusoma fimbo ya Zakaria, ambayo ndiyo chanzo cha kila kitu. Mwaka huo huo wa 1971 ilipitishwa Sheria ya Ndoa, iliyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na hata wa 14 kwa ruhusa ya mahakama. Barua kwa mvulana ilikuwa hatari. Ndoa kwa mwanamume ilikuwa halali. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipeleka vifungu hivyo Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2016 ilisema vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo.

Mtu anayetaka kuona jinsi mapenzi ya zamani yanavyosimuliwa kwa namna yetu, amshike Shafi Adam Shafi. *Vuta N'kuvute*, iliyotoka mwaka 1999, ina mifupa ile ile ya Verona: vijana wawili, jamii mbili, ukuta katikati. Yasmin ni Mhindi, Denge ni Mwafrika anayesakwa na askari wa mkoloni katika Unguja ya miaka ya 1950. Lakini Shafi anaanza mahali ambapo Shakespeare hakufika. Yasmin, binti wa miaka 15, ameshaozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara aliyepita miaka 50. Huku Verona, ndoa iliyopangwa na baba ni tishio linalokuja. Huku Unguja imeshatokea, na mapenzi yanaanzia kwenye mabaki yake. Yasmin anatoka nyumbani kwa mumewe, familia inamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke maskini mwenye chumba kimoja na moyo mpana. Kwangu mimi huyo Mwajuma ndiye ugunduzi mkubwa wa riwaya. Juliet alikuwa na yaya aliyemgeuka siku ya shida. Yasmin ana shoga ambaye hakumgeuka, na Yasmin anaishi.

Amil Shivji alipoigeuza riwaya hiyo kuwa filamu mwaka 2021, picha zilikuwa nzuri mno na ilistahili kupelekwa kuiwakilisha Tanzania kwenye Oscar. Hata hivyo kwenye skrini tunamwona mwanamke kijana, na jicho linasahau ile 15 iliyoandikwa kwenye ukurasa. Ndiyo sababu bado namshauri aliyeitazama filamu akisome na kitabu.

Kuna hadithi kongwe zaidi katika Kiswahili chenyewe, nayo inanishangaza kila ninapoirudia. Ni Utenzi wa Mikidadi na Mayasa, uliochapishwa na Alice Werner mwaka 1932 kutoka katika maandishi ya hati za Kiarabu. Mayasa ameapa kwamba hataolewa ila na mwanamume atakayemshinda katika mapambano. Anayemshinda ni Mikidadi, kijana asiye na mali, na hapo baba anataja mahari ya kumvunja mtu moyo. Sharti la kwanza ni la binti, la pili ni la baba, na utenzi mzima unaishi katikati ya masharti hayo mawili. Msomaji wa Usevya au Majimoto, anayezijua posa zinazohesabiwa kwa ng'ombe, hahitaji tanbihi. Mpe Mikidadi bodaboda ya mkopo badala ya farasi, na Mayasa cheti cha kidato cha nne, na hadithi inatembea yenyewe. Au ihamishie Katumba, makazi yaliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa wakimbizi wa Burundi, ambao wengi wao walipewa uraia wa Tanzania miaka iliyofuata: kijana aliyezaliwa pale na binti wa mjini, na shangazi anayeuliza kwao hasa ni wapi. Ukuta upo tayari. Hakuna haja ya kuuazima Italia.

Na Katavi ina wapenzi wake wenyewe. Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1974, ambayo lango lake la Sitalike liko kusini mwa Mpanda, imepata jina kwa Katabi, mwindaji anayesimuliwa na Wabende. Roho yake, pamoja na ya mkewe Wamweru, inaaminika kukaa katika mkwaju kando ya Ziwa Katavi, na watu bado huweka sadaka chini yake kuomba baraka. Katabi ameacha jina kwa ziwa, kwa hifadhi, na tangu mwaka 2012 kwa mkoa mzima. Wamweru, katika simulizi inayojulikana na wengi, ametajwa kwa jina na kwa kuwa mke, basi.

Mwandishi atakayeketi chini ya mkwaju ule kuiandika upya atakutana na swali ambalo Bandello, Brooke na Shakespeare walilijibu kila mmoja kwa namba yake. Siku Katabi alipofika kwao, Wamweru alikuwa na miaka mingapi, na nani aliulizwa kwanza?