Mlezi Hudumu Akiongozwa Vema

Wahenga walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Je, atakuaje mtoto ambaye kila baada ya miezi michache hukabidhiwa kwa mtumishi mgeni?

Swali hili huwakabili wanaosimamia malezi ya kambo yenye tiba. Katika utaratibu huu, mtoto aliyeumizwa na mapigo au kutelekezwa hapelekwi bwenini. Huishi nyumbani kwa mlezi aliyefunzwa, na mtumishi wa ustawi wa jamii huwasaidia wote wawili. Mfano mmoja mashuhuri ulianzishwa Oregon, Marekani, mwaka 1983. Dawa kuu ya tiba hii ni imani ya mtoto kwa mtu mzima. Mtumishi akiacha kazi, imani hiyo hutikisika, na kazi huanza upya.

Kwa nini watumishi huondoka? Wengi hutaja mshahara mdogo au moyo mwepesi. Charles Glisson wa Chuo Kikuu cha Tennessee na wenzake walichunguza jambo jingine: hali ya mahali pa kazi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, walichukua vikundi 26 vya watumishi wanaohudumia watoto, 10 vya mjini na 16 vya mashambani. Vikundi viligawanywa kwa bahati nasibu, kama watu wavutavyo kura. Upande mmoja ulisaidiwa kwa mwaka mzima kubadili uendeshaji wa kazi: watumishi walishirikishwa katika maamuzi, walipewa taarifa za matokeo ya kazi yao, na majukumu yalipangwa upya. Upande wa pili haukupewa msaada huo.

Mwaka ulipokwisha, uwezekano wa mtumishi kuacha kazi katika vikundi vilivyosaidiwa ulikuwa umepungua kwa theluthi mbili. Uchovu wa moyo, mrundikano wa kazi na maagizo yanayopingana pia vilipungua.

Bahati nasibu ina maana kubwa hapa. Bila hiyo, mtu angeweza kudai kwamba vikundi vilivyofaulu vilikuwa na viongozi bora tangu mwanzo.

Basi, kiongozi anayemlaumu mtumishi aliyeondoka, kisha akamtwisha mgeni mzigo uleule, anafuta maji sakafuni huku paa linavuja. Aanze kwa kuwauliza waliobaki: ni kipi kinachowachosha, na kipi kati ya hivyo ninaweza kukiondoa?