Paa, Kisima na Meno ya Mtoto

Haya wajukuu, sogeeni. Leo hakuna sungura wala fisi. Hadithi ya leo ni ya meno, na ni ya kwetu huku Singida.

Mmewaona watu wenye meno ya kahawia. Wengine meno yao yana mistari myeupe iliyofifia, wengine yana madoa, wengine yamemomonyoka kingo. Mtu wa namna hiyo akienda kutafuta kazi mjini huchekwa chinichini, na hata shuleni mtoto huambiwa hapigi mswaki. Wanamwonea. Apige mswaki asubuhi na jioni mpaka fizi zitoke damu, doa halitoki, maana haliko juu ya jino. Limo ndani, na liliingia wakati jino bado linaumbwa, halijachomoza.

Limetoka wapi? Mnayajua yale mawe makubwa ya matale ambayo wageni hawaachi kuyapiga picha. Chini ya ardhi kuna mwamba wa aina hiyohiyo, na maji yanayokaa muda mrefu kwenye nyufa zake huchukua madini ya floraidi. Floraidi kidogo si adui. Ndiyo hiyo hutiwa kwenye dawa ya meno. Ikizidi ndipo balaa. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Mtoto akinywa maji yaliyozidisha sana kipimo hicho tangu anapozaliwa mpaka kama miaka 8, gamba gumu la meno yake ya ukubwani linaumbika vibaya. Na huko Arusha, kando ya Mlima Meru, kuna sehemu ambako floraidi ni nyingi kiasi kwamba watoto wamepinda hata miguu.

Mwenye hekima ataniambia, “Babu, si tuyachemshe?” Hapana. Kuchemsha kunaua vijidudu, na kwa hilo msiache kuchemsha. Lakini floraidi haiondoki na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki palepale sufuriani, kwa hiyo inakolea. Na baadhi ya magadi tunayotia kwenye mlenda na maharage huongeza nyingine juu yake.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hadithi yenyewe inaanzia hapa. Nibuni watoto wawili wa kijiji kimoja, wanaochota maji kisima kimoja. Mmoja baba yake ameuza alizeti na vitunguu miaka mitatu ya mvua njema, akaezeka bati, akaweka mfereji na tangi. Mwingine analelewa na mama mjane mwenye kishamba kidogo, nao wanaishi kwenye tembe. Tembe ni nyumba nzuri, asiwadanganye mtu. Jua la saa nane linachoma nje, ndani kuna ubaridi. Ila paa lake ni la udongo. Mvua ikinyesha, udongo unainyonya, na kinachochuruzika ni tope.

Maji ya mvua hayana floraidi ya mwamba, kwa sababu hayajaugusa. Pigeni hesabu pamoja nami: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la mita za mraba 40, mvua ya milimita 600 kwa mwaka, ni lita 24,000. Zitoe zinazopotea, na zile za mvua ya kwanza zinazoosha vumbi na kinyesi cha ndege, bado familia inabaki na maji ya kunywa na kupikia kiangazi kizima, mradi tangi liwe kubwa. Kwa hiyo yule wa bati atacheka na meno meupe, na huyu wa tembe atacheka ameziba mdomo. Nani kati yao alichagua paa?

Hata serikali iliwahi kukosa cha kuchagua. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha floraidi kwa maji ya vijijini: miligramu 8 kwa lita. Sidhani walikuwa na roho mbaya. Wangeshika kipimo kikali, visima vingi vya sehemu kame vingefungwa, na watu wangekunywa nini Septemba? Kiwango kilishushwa baadaye, hatua kwa hatua. Lakini waliolipa ule muda wa kusubiri walilipa kwa meno yao, nao walikuwa watu wa vijijini.

Njia za kuiondoa floraidi zipo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimetengeneza machujio ya mkaa wa mifupa ya ng’ombe. Mkaa huo unaishika floraidi maji yakipita. Lakini ukishashiba lazima ubadilishwe, na hapo pesa inaulizwa tena.

Mimi napenda zaidi paa la shule. Madarasa mawili yana bati la kama mita za mraba 120, yaani lita 72,000 kwa mvua ileile, na paa hilo halimuulizi mtoto kwao wameezeka nini. Tatizo ni umri. Nyie wa darasa la tatu, meno yenu ya mbele yameshaumbika. Maji ya shule yatayakuta yamekwisha kuumbika. Yanayoumbika sasa ni ya mdogo wako. Akiwa ananyonya yuko salama, kwa kuwa maziwa ya mama hupitisha floraidi kidogo mno hata mama akinywa ya kisimani. Hatari inaanza na uji. Kwa hiyo mkipata tangi shuleni, msimwombe mwalimu mkuu kikombe tu cha kunywea. Mwombeni kila mwenye mdogo wake nyumbani aruhusiwe kuondoka jioni na lita moja, ya uji wa asubuhi.