Maradhi ya Mapafu Yapandapo Kichwani

Tumezoea kuyagawa maradhi kana kwamba mwili wa mwanadamu umejengwa kwa vyumba visivyo na milango. Ya kifua ni ya kifua, ya tumbo ni ya tumbo, na yale ya kichwani, hasa yanayogusa fikira na usemi, tumeyatenga na kuyavisha aibu. Mtu akikohoa hupewa pole. Mtu huyo huyo akianza kusahau majina ya wanawe, majirani huanza kunong'onezana. Ugonjwa wa korona, uliotangazwa humu nchini kwa mara ya kwanza Machi 13, 2020, uliyakanusha mazoea hayo waziwazi, ingawa wengi wetu bado hatujakubali.

Mwanzoni ilidhaniwa kuwa huu ni ugonjwa wa pumzi tu. Lakini mnamo Aprili mwaka huo madaktari wa Wuhan, Uchina, walichapisha habari za wagonjwa 214 waliolazwa hospitalini. Kati yao 78, yaani zaidi ya thuluthi moja, walikuwa na dalili za mfumo wa neva: kizunguzungu, maumivu ya kichwa, fahamu kufifia, na kwa wachache kiharusi. Si lazima kirusi chenyewe kipenye ubongoni ndipo haya yatokee. Madhara mengi yaelekea kutokana na vita ambavyo mwili unapigana: kinga hupita kiasi, damu huganda mishipani, na mapafu yaliyolemewa hushindwa kuupa ubongo oksijeni ya kutosha. Donge la damu likiziba mshipa wa upande wa kushoto wa ubongo, mtu aweza kuamka ana ulimi mzima na koo zima lakini hana maneno. Jambo hili sisi wanaisimu tunalifahamu tangu 1861, Paul Broca wa Ufaransa alipoeleza habari za mgonjwa aliyebakiwa na silabi moja tu, "tan", akijibia kila swali.

Hata kule kupotewa na harufu, ambako watu walikufanyia mzaha, hakukuwa jambo dogo. Wataalamu wamebaini kwamba zinazoshambuliwa zaidi puani ni seli zinazozihudumia neva za kunusia, wala si neva zenyewe; ndiyo maana wengi walirudiwa na uwezo huo. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2022 ulilinganisha picha za ubongo za watu 785, zilizopigwa mara mbili. Wale 401 walioambukizwa baina ya picha ya kwanza na ya pili walionyesha kupungua zaidi kwa sehemu za ubongo zinazohusiana na kunusa, na wengi wao hawakuwa wamelazwa hospitalini.

Wapo watakaouliza: mwanaisimu anatafuta nini wodini? Jibu langu ni kwamba mengi ya madhara haya hayana kipimo cha damu. Joto la mwili hupimwa kwa kipimajoto, lakini kuvurugika kwa fikira hujulikana kwanza kwa maneno ya mgonjwa na ya wale wanaoishi naye. Jina la Kiingereza la korona ya muda mrefu, lililoenea duniani kote, halikutungwa na daktari. Lilitungwa Mei 2020 na mgonjwa, Elisa Perego, mwanaakiolojia kutoka Italia. Shirika la Afya Duniani lilitoa fasili yake ya hali hiyo Oktoba 2021, na humo likataja uchovu, upungufu wa pumzi na kutatizika kwa fikira.

Sasa tutazame kwetu. Magazetini na redioni tumekimbilia kusema "ukungu wa ubongo", tafsiri ya sisisi isiyomwambia bibi wa Kilifi lolote. Ukungu tunaujua Limuru, asubuhi. Ilhali Kiswahili kina hazina iliyopambanua mambo haya zamani. Mwenye homa kali anayesema maneno yasiyoshikana huweweseka. Anayechelewa kuitikia, macho yakiwa wazi, amezubaa. Aliyepigwa na bumbuwazi ni mwingine kabisa. Kichwa kizito si kichwa kinachouma, wala si kizunguzungu. Na ganzi ya vidole haifanani na udhaifu wa mkono.

Tofauti hizi si urembo wa lugha. Nchini Marekani, wazee 817 wenye korona walichunguzwa katika vitengo vya dharura. 226 miongoni mwao walifika wakiwa wamevurugikiwa na fahamu, na zaidi ya thuluthi moja ya hao 226 hawakuwa na dalili za kawaida kama homa au kushindwa kupumua. Kwa hiyo mjukuu anayesema, "Nyanya anaweweseka tangu jana," huenda ametaja dalili ya kwanza ya ugonjwa wa mapafu. Anayemjibu kwamba huo ni uzee tu amempotezea mgonjwa siku ambayo hatairudishiwa.

Tatizo huzidi katika safari ya maneno hayo kutoka kinywani hadi kwenye faili. Mgonjwa hueleza kwa Kiswahili, au kwa lugha ya mama. Mhudumu huandika kwa Kiingereza, tena kwa haraka, maana foleni ni ndefu. Kichwa kizito, kuzubaa na kizunguzungu vyote huweza kuishia katika neno moja la maumivu ya kichwa, na mgonjwa akaenda zake na vidonge vya kutuliza maumivu ambayo hakuwahi kuyalalamikia. Simlaumu mhudumu. Amefunzwa kwa lugha moja na anatibu kwa nyingine, wala hakuna aliyempa faharasa ya kumsaidia kuvuka.

Faharasa hiyo yaweza kutungwa na idara zetu za Kiswahili zikikaa meza moja na vyuo vya utabibu, na haihitaji istilahi mpya hata moja kabla ya kuyakusanya maneno yaliyopo: ya Mombasa, ya Lamu, ya Nairobi. Nayo fomu ya hospitali, pamoja na nafasi ya jina, umri na joto la mwili, iwekewe mstari mmoja zaidi ambapo maneno ya mgonjwa yataandikwa kama alivyoyatamka, kwa lugha aliyoyatamkia.