GARI LA INJINI YA PIKIPIKI: Piga hesabu kabla ya kununua betri

Umechomelea fremu, ukatafuta injini ya pikipiki kule Kirinyaga Road, na sasa chuma chako kinaanza kufanana na gari. Kilichobaki ni betri. Marafiki nao wana majibu tayari: mmoja anakwambia urudishe ile ndogo ya pikipiki, mwingine anasema nunua kubwa ya gari uache stress. Wote wawili wanaweza kukupoteza.

Kwanza elewa jambo moja: betri haizalishi umeme, inauhifadhi tu. Umeme unatoka kwa koili za kuchaji zilizo ndani ya injini, na koili hizo ziliundiwa pikipiki yenye taa moja mbele na honi. Wewe unaongeza taa ya pili, wipa, feni na bila shaka muziki.

Chukua kalamu. Tuseme taa mbili za wati 55 kila moja ni 110. Feni ya redieta 120, pampu ya mafuta 50, taa za nyuma, wipa na redio 70. Jumla wati 350. Ikiwa koili zako zinatoa 200, una pengo la wati 150. Kwa betri ya volti 12, hiyo ni ampea 12.5 zinazonyonywa kila wakati. Betri ya 10Ah haimalizi saa moja. Ukiweka NS40 ya gari dogo, yenye takriban 35Ah, unapata saa mbili na ushee kwa karatasi, halafu unazima vilevile katikati ya Thika Road usiku. Umenunua muda tu. Dawa ni kupunguza mzigo: weka taa za LED, na feni iwe na swichi ya joto ili isizunguke bure.

Pengo likishazibika, sasa chagua betri. Anza na saizi iliyokuja na pikipiki hiyo, usishuke chini yake. Panda juu kidogo ikiwa utaweka mota ya umeme ya kurudi nyuma. Pikipiki nyingi hazina gia ya rivasi, na mota kama hiyo hufyonza umeme kama stata. Kumbuka pia kwamba injini ikishafungiwa ndani ya gari, kiki ya mguu huenda isifikike tena. Stata ndiyo tegemeo lako.

Kuhusu aina, betri ya maji ni nafuu lakini humwaga asidi ikiinama na hutoa gesi inayoweza kulipuka inapochajiwa. AGM imezibwa, haimwagiki na inastahimili mitikisiko. Kwa wengi wetu hapo ndipo pesa inapofanya kazi. Lithiamu ni nyepesi mno: AGM ya pikipiki kubwa ina karibu kilo 4, ya lithiamu huweza kuwa na kilo 1 hivi. Lakini chunga lebo. Nyingi huandikwa Ah "sawa na" za betri ya risasi, ilhali uwezo wake halisi ni mdogo zaidi. Ikiwa regyuleta yako ni mbovu na inapitisha volti 15, lithiamu itakufa mapema, au mbaya zaidi, ishike moto.

Usipuuze ufungaji. Wengi huweka betri nyuma ili kusawazisha uzito, kisha wanavuta waya mwembamba hadi kwa stata. Waya mrefu na mwembamba hupoteza volti, stata inalia kwa uvivu, na betri nzima inatupwa bila hatia. Tumia waya mnene. Weka fyuzi karibu kabisa na teminali ya chanya kwenye waya unaolisha taa na vifaa vingine, na swichi kuu unayoweza kuifikia ukiwa umeketi. Waya ukichubuka kwenye fremu bila kinga hiyo, akiba yako ya miaka miwili inaweza kuteketea kwa dakika chache. Betri yenyewe ifungwe kwa chuma, si kwa raba ya tyubu, na ikae mbali na ekzosi.

Mwisho, nunua au azima mita ya kupimia volti. Betri ya AGM iliyojaa na kutulia husoma karibu 12.7. Ikifika 12.0, imekaribia kuisha. Washa injini, washa taa zote na feni, kanyaga mafuta kidogo, upime tena. Ukiona kati ya 13.5 na 14.5, gari linajichaji. Ukiona chini ya 13, usirudi dukani kutafuta betri kubwa zaidi. Rudi kwa ile karatasi yako ya wati, uone cha kutoa.