Je, Wajua? Kidole cha Mtoto Kwenye Udongo

Mojawapo ya sanamu kongwe zaidi za udongo wa kuchomwa duniani ina alama ya kidole cha mtoto. Ni mwanamke wa urefu wa sentimita 11, aliyefukuliwa mwaka 1925 huko Dolní Věstonice, nchini Czech. Ana zaidi ya miaka 25,000. Wataalamu wanakadiria mwenye kidole alikuwa na umri wa miaka 7 hadi 15: rika la wanafunzi wanaofinyanga watu wa udongo katika shule za Thika leo.

Udongo mweusi wa tambarare za Juja na Ruiru, jirani na Thika, hufinyangika vizuri, ila ukikauka hupasuka. Mkono wa sanamu huanguka kabla ya kengele! Dawa ni kuuchanganya udongo huo na mchanga au vigae vilivyotwangwa.

Sanamu nene yaweza kulipuka motoni. Maji yaliyobaki ndani hugeuka mvuke unaotaka nafasi mara 1,600 hivi. Ndiyo maana tumbo huchimbwa likiwa bado bichi.

Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hatumii gurudumu. Vyungu vyake huinuliwa kwa mikono, vikatoka na shingo, tumbo na nyonga. Kwangu mimi, hao ni watu.