Ishango: mtoto wa mchimbaji aliuliza mfupa uko wapi

Wandugu wachimbaji, na nyinyi wamama munaotunza nyumba zetu, wengi kwetu wanasema hesabu ilikuja na Wazungu na masomo yao. Muangalie Ishango, Kivu ya Kaskazini, pale mto Semliki unatoka katika ziwa Edouard.

Mwaka 1950, mtaalamu Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba pale. Alipata vyuma vya zamani? Hapana, chuma haikuwa bado. Alipata mikuki midogo ya mfupa yenye meno, ya kuvulia samaki, na mfupa mmoja wa sentimeta 10 hivi, wa miaka karibu 20.000. Kwa ncha yake kumekwamishwa kipande cha kwarsi, lile jiwe gumu ambalo sisi watu wa dhahabu tunalivunja kila siku. Na mwili wa ule mfupa umekatwa alama, mistari mitatu. Mstari mmoja una alama 11, 13, 17 na 19: jumla 60. Wa pili pia 60. Wa tatu 48. Wataalamu wangali wanabishana: wengine wanasema ni hesabu, wengine kalenda ya mwezi. Hata hivyo, aliyekata alama zile alikuwa na kitu anachokifuata, na hakutaka kukisahau.

Ndugu yangu mmoja, mchimbaji wa upande wa Beni, alipeleka bibi yake na mtoto wao wa miaka sita kule, wakati barabara ilikuwa nafuu. Ishango iko ndani ya Parc ya Virunga, kwa hiyo walipita kwa walinzi wa ICCN. Mtoto aliona viboko, akafurahi. Kisha baba alimuonyesha ukingo wa mto: hapa mababu walikaa, walikula samaki, walikata alama. Akamupa kijiti na kisu kidogo. Mtoto akakata 11, akapumzika, akakata 13.

Halafu akauliza: «Papa, ile mufupa yenyewe iko wapi?»

«Iko Bruxelles, mu mize.»

«Sasa sisi tutahesabu na nini?»

Ndugu yangu alinieleza kwamba alikosa jibu.

Swali la mtoto ni letu sisi wakubwa. Hesabu ya mababu inatunzwa na wengine. Na hesabu ya jasho letu vilevile. Kwa shimo, mchimbaji anapima gramu zake, negosian anaandika kwa kaye yake, na mchimbaji anarudi nyumbani na kichwa tu. Siku ya malipo, deni la beshi, la unga na la dawa limekuwa kubwa, na hana kitu cha kuonyesha. Atabishana na nini?

Kutoka Yahuma mpaka Ishango ni mbali sana, na usalama ni mdogo. Lakini mwanzi uko kila kijiji. Siku ya yenga, kaa na mtoto wako, mueleze habari ya ule mfupa, mukate alama pamoja mpaka 60. Tangu siku ile, kata alama moja kwa kila gramu unayouza, na mtoto anayesoma aandike kwa kaye ya nyumba: tarehe, gramu, bei.

Siku negosian atafungua kaye yake, na wewe fungua yako.