Kasoda Kamoja: Kiswahili cha Kuwauzia Watoto Vyakula na Vinywaji vya Sukari Wilayani Nyamagana

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna Kiswahili kinavyotumika kuwavuta watoto kwenye soda, pipi, biskuti, kripsi na vinywaji vya rangi katika Wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza. Hoja yake ni kwamba bidhaa hizi humwita mtoto kwa Kiswahili cha karibu sana naye, ilhali habari za kilichomo ndani yake humfikia kwa Kiingereza, kwa tarakimu, au kwa Kiswahili kirefu kisichokaa mdomoni. Makala yanachunguza kiambishi ka-, muundo wa amri na dhamira tegemezi, kihusishi -a cha uhusiano, na ukosefu wa jina moja la kundi zima la vyakula hivi.

1. Utangulizi

Barabara ya Kenyatta inatoka katikati ya jiji, inapita Igogo, Mkuyuni na Butimba, kisha inaelekea Nyegezi na Buhongwa. Mwanafunzi wa shule ya msingi anayeifuata mchana kurudi nyumbani husoma njiani maandishi mengi kuliko aliyoyasoma darasani siku hiyo: jina la duka lililochorwa juu ya nembo ya soda, jokofu lenye picha ya chupa inayotoka jasho la baridi, pakiti za kripsi zilizoning'inizwa mstari mmoja kama shanga, mwavuli wa muuza vocha uliogeuka tangazo la kinywaji. Mara nyingine hata kibao kinachomwonyesha mgeni njia ya kufika shuleni kina nembo hiyohiyo. Maandishi hayo ni sehemu ya mazingira ya kujifunzia kusoma, ingawa hayamo katika mtaala.

Uchambuzi wa lugha ya matangazo una historia ndefu. Leech (1966) alikwishaonyesha kuwa matangazo hupenda sentensi fupi na amri, na kwamba amri ya tangazo haiudhi kama amri ya mkubwa. Kinachohitaji kuongezwa ni yale ambayo Kiswahili kinayaruhusu na Kiingereza hakiyaruhusu, hasa Kiswahili cha Kanda ya Ziwa.

2. Sauti ya kuita

Tuanze na udogo. Katika Kiswahili sanifu udogo huonyeshwa kwa ki-/vi-: mtoto, kitoto, mlima, kilima. Lakini neno kisoda halimaanishi soda ndogo. Kwa Watanzania wengi kisoda ni kizibo cha bati cha chupa ya soda. Nafasi ya ki- imekwishachukuliwa. Mzungumzaji wa Nyamagana anayetaka kuipunguza soda yenyewe hutumia ka-: kasoda, kabiskuti, kapipi, na kwa wingi tusoda, tupipi. Kiambishi hiki ni cha ngeli ya udogo katika Kisukuma, na kimeingia katika Kiswahili cha Mwanza bila kubisha hodi. Walimu hukisahihisha katika insha. Mitaani kinaendelea na kazi yake.

Kazi hiyo si ya kupima ukubwa. Chupa inayoitwa kasoda ina mililita zilezile 350. Ka- hupunguza uzito wa tendo. Mtoto anayeomba “kasoda kamoja tu” ameomba kitu ambacho kukinyima kutaonekana uchoyo. Muuzaji anayesema “kachukulie katoto kabiskuti” amemfanya mzazi aone kwamba mazungumzo yote ni ya jambo dogo lisilostahili mjadala. Kwa lugha ya Austin (1962), nguvu ya tendo-usemi imefunikwa: ni ombi la fedha, lakini limevaa nguo ya mapenzi. Ki- isingeweza kufanya hivyo kwa urahisi, kwa sababu mara nyingi hubeba dharau pamoja na udogo. Ka- ya Kanda ya Ziwa inaweza kudharau pia, lakini ikitamkwa mbele ya mtoto hubembeleza.

Kisoda chenyewe kinastahili kuangaliwa kidogo. Watoto huchezea drafti kwa visoda. Katika madarasa ya awali na darasa la kwanza visoda vilivyookotwa hutumika kuhesabia, kwa kuwa havigharimu kitu na haviozi. Mtoto hujifunza mbili na tatu huku nembo ikiwa kiganjani mwake. Hakuna kampuni iliyohitaji kulipia hilo. Kisha zinakuja bahati nasibu za chini ya kizibo, na kile kifaa cha hesabu kinakuwa tikiti.

Hapo ndipo sarufi ya ahadi inapoingia. Matangazo ya namna hiyo hupenda muundo wa amri ikifuatwa na dhamira tegemezi: kunywa ushinde, fungua ushinde, nunua upate. Kiswahili kina njia za wazi za kuonyesha sharti na uwezekano: ukinywa unaweza kushinda, huenda ukashinda. Muundo wa amri na dhamira tegemezi hauna -ki- wala huenda. Ndio uleule tunaoutumia kumwambia mtoto: kula ushibe, oga upate usingizi, soma ufaulu. Katika matumizi ya nyumbani tendo la pili hufuata la kwanza karibu kila mara. Mtoto aliyeulea muundo huo kwenye sahani ya ugali haoni sababu ya kuutilia shaka kwenye chupa. Mtu mzima hujua kuwa kushinda ni bahati, kwa sababu ameshashindwa mara nyingi.

Muundo mwingine ni wa kupitia kwa mtoto: mwambie mama, muombe baba. Mlengwa wa sauti ni mtoto, mlengwa wa fedha ni mzazi. Mtoto hapa si msikilizaji tu; amepewa usemi wa kupeleka nyumbani. Anayeandika tangazo anajua kwamba mzazi atabishana na redio kwa kuizima, lakini hawezi kumzima mwanawe.

Udhamini wa michezo hufanya kazi kwa njia nyingine. Katika nusu ya pili ya miaka ya 2010, mashindano ya shule za sekondari ya UMISSETA yalipodhaminiwa na Coca-Cola, yalitangazwa kwa jina la Copa UMISSETA. Kifupisho cha Kiswahili kilichojengwa na shule kikatanguliwa na neno lililotoka katika shindano la kampuni. Mwanafunzi aliyesema jina la mashindano yake alisema na sehemu ya jina la mdhamini, bila kutangaza chochote kwa makusudi.

3. Juisi ya embe ni ya embe gani?

Kihusishi -a ni kidogo, lakini kina mengi. Uji wa ulezi umetengenezwa kwa ulezi. Chai ya maziwa ina maziwa. Maji ya machungwa, kama walivyosema wazee kabla juisi haijashika, yametoka ndani ya chungwa. Kwenye chakula cha nyumbani, basi, -a hutaja kilichomo. Mtoto akikutana na juisi ya embe, biskuti ya maziwa au pipi ya ndimu, hufuata kanuni aliyoizoea, naye yuko sahihi kisarufi. Lakini -a hiyohiyo inaweza kutaja mfanano au ladha tu, na muuzaji wa maji yaliyotiwa sukari, rangi na harufu ya embe hajavunja kanuni yoyote ya sarufi.

Maandishi ya kifungashio yanapotakiwa kuwa makini, huandikwa kinywaji chenye ladha ya embe. Ni usemi wa kweli. Lakini embe ndilo neno la mwisho, ndilo lenye picha, na ndilo linalobaki kichwani. Chenye ladha ni daraja ambalo jicho huruka juu yake. Na dukani hakuna anayeomba kinywaji chenye ladha ya embe. Huombwa juisi. Neno lililokuwa mrithi wa sharubati na maji ya matunda limepanuka hadi likafunika kitu ambacho tunda halijakigusa. Mzazi wa Mabatini anayemnunulia mwanawe juisi badala ya soda hufanya hivyo kwa nia njema, akiongozwa na neno.

4. Sauti ya kueleza

Mgeuze mtoto pakiti upande wa nyuma. Kwenye bidhaa nyingi zinazouzwa Nyamagana, jina na wito vina Kiswahili, na orodha ya viambato iko kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo mno. Rangi ya manjano inaweza kutajwa kama E102, ambayo haimo katika lugha yoyote. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili. Akifika darasa la tatu anaweza kusoma upande wa mbele wote bila msaada. Upande wa nyuma haumhusu. Mama au bibi aliyesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba yuko pamoja naye upande uleule.

Kinachofichwa na lugha hiyo kinaweza kuhesabika. Soda ya kola ya kawaida ina takribani gramu 10 hadi 11 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 basi ina zaidi ya gramu 35, karibu vijiko 9 vya chai. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,500, hiyo ni chini ya gramu 38. Kasoda kamoja kamemaliza karibu yote, kabla ya chai ya jioni. Hesabu hiyo ingeweza kufanyika darasani kwa visoda tisa mezani, lakini nambari zake hazipo mahali ambapo mtoto anaweza kuzisoma.

5. Kundi lisilo na jina

Waingereza wana jina moja la dharau la vyakula hivi, linalovifananisha na taka. Kiswahili kina majina ya kila kimoja, na hakina jina la vyote. Vyakula vya haraka, tafsiri inayopendwa na magazeti, inapotosha. Anayeagiza chipsi mayai pale Mlango Mmoja husubiri viazi vikaangwe na mayai yapigwe. Aliyenunua karanga, ndizi au matobolwa ameanza kutafuna kabla hajarudishiwa chenji. Kama ni haraka, chakula cha haraka cha Usukumani ni matobolwa. Vyakula visivyofaa huacha swali: havifai kwa nani, na nani kasema? Vyakula vilivyochakatwa kupita kiasi ni usemi sahihi wa wataalamu, lakini mzazi mwenye haraka asubuhi hawezi kuutumia kukataza.

Nyumbani husikika mavitu na makorokoro: “unakula mavitu gani hayo?” Mavitu limeweka ma- juu ya vi-, viambishi viwili vya wingi kwenye shina moja, nalo hubeba karaha bila maelezo. Makorokoro ni vitu vidogo vidogo visivyo na thamani. Naona la pili lina nafasi nzuri zaidi, kwa sababu linaweza kutajwa hadharani bila matusi. Lakini lina hatari. Likitumika ovyo litamfagia pia mama anayeuza michembe, mihogo na ubuyu nje ya lango la shule, na kumwacha mwenye jokofu lenye nembo akiwa safi.

Umuhimu wa jina ulionekana mwaka 2017. Pombe kali iliyofungashwa katika mifuko midogo ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Machi, hakuna aliyehitaji kuieleza hivyo. Watu walikwishaiita viroba. Neno la mtaani liliingia katika hotuba za viongozi na vichwa vya habari, na kila mtu, kuanzia mwenye duka hadi mwanafunzi, alijua kinachozungumzwa. Sidhani kama jina peke yake lilileta marufuku, ila marufuku isiyo na jina ingechukua muda mrefu zaidi kufika Buhongwa.

6. Lugha katika kanuni

Mtoto mchanga analindwa na kanuni zilizoijali lugha. Kanuni ya Kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa maziwa mbadala ya maziwa ya mama inataka ujumbe ulio wazi, unaosomeka na kueleweka, katika lugha inayofaa, na inakataza picha za watoto wachanga kwenye kifungashio. Tanzania ina kanuni zake za mwaka 2013 kuhusu vyakula vya watoto wachanga na wadogo. Kwa mtoto wa umri wa kwenda shule, Mkutano wa Afya Duniani uliidhinisha mapendekezo mwaka 2010, na mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani ukatolewa mwaka 2023. Kwa hiyo sauti inayomwita mtoto inaanza kumfikia kwa uhuru katika umri uleule anaojifunza kusoma.

Chile ilichagua njia fupi. Tangu mwaka 2016, bidhaa iliyozidi kiwango cha sukari, chumvi, mafuta mabaya au nishati hubeba alama nyeusi ya pembe nane upande wa mbele, yenye maneno machache ya lugha ya mnunuzi. Bidhaa hiyo haiuzwi shuleni, wala haiwekwi katuni. Mabishano kuhusu matokeo ya sera hiyo ni ya wataalamu wa afya. Kwa mtaalamu wa lugha, cha kuvutia ni kwamba ujumbe umewekwa upande uleule wa wito na kwa urefu uleule.

Kwa Kiswahili, maneno mawili yangetosha: SUKARI NYINGI. Wenye kuandika viwango huenda wakapendelea kiwango kikubwa cha sukari iliyoongezwa, kwa kuwa ni kamili zaidi. Ni kamili, na ni usemi wa upande wa nyuma. Sukari nyingi ina silabi tano, haina kihusishi -a wala kitenzi, na nyingi hapa haiwezi kupachikwa ka-.